Kumfungulia Mtoto wa Shule Binafsi Maktaba ya Shule ya Serikali: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Mwanza

Ukisema maktaba ya shule yako ya Serikali iwaazimishe vitabu watoto wa shule binafsi, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Hao si wazazi wao wana hela?" Utaulizwa ofisini, utaulizwa kwenye kikao cha bodi, na utaulizwa na mzazi aliyejinyima akachangia dawati. Uwe na jibu kabla hujashika kalamu kuandika barua yoyote, maana wengi wameishia hapo hapo.

Jibu langu huwa ni kuwapeleka watu Igoma, Buhongwa au Nyakato. Huko kuna shule binafsi zenye bwawa la kuogelea, sikatai, lakini kuna nyingine nyingi zenye madarasa machache, uwanja wa mchanga na ofisi moja ambamo vitabu vyote vya shule vinakaa juu ya kabati la faili. Mama anayemsomesha mtoto pale anauza dagaa Mwaloni Kirumba na analipa ada kidogo kidogo, awamu hadi awamu. Mama huyo analipa ushuru wa soko kama wenzake. Vitabu vilivyoko kwenye rafu zetu vimenunuliwa kwa fedha ya umma, na yeye ni umma. Halafu watoto hawa hawakai upande mmoja maisha yao yote. Ada ikimshinda mzazi, mtoto anahamia kwetu katikati ya mwaka. Akimaliza darasa la saba Ingilishi midiamu, anaweza kupangiwa sekondari ya kata iliyo jirani na kwao. Ni watoto walewale, wamebadilisha sare tu.

Hoja hii ina historia ndefu kwingineko. Mwaka 1965 Marekani ilitunga sheria kubwa ya elimu ya msingi na sekondari, na sehemu yake ya pili ikatoa fedha za vitabu vya maktaba na vya kiada kwa ajili ya watoto wa shule za umma na za binafsi pia. Sharti mojawapo lilikuwa hili: vitabu vibaki mali ya mamlaka ya umma. Miaka 3 baadaye, mwaka 1968, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria ya jimbo la New York ya kuwaazimisha vitabu wanafunzi wa shule binafsi, zikiwemo za dini, kwa hoja kwamba anayenufaika ni mtoto na mzazi wake, si shule. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaumaliza: unamwazimisha mtoto, huiazimishi shule.

Mimi somo hilo nililipata kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilikabidhi boksi la vitabu 40 kwa mkuu wa shule moja jirani, kwa kupeana mikono tu, tukiaminiana. Muhula haujaisha, akaacha kazi. Aliyempokea hakuwa na habari na boksi lolote. Nilikwenda pale mara 4, na nilirudi na vitabu 29. Vile 11 nilivieleza mbele ya bodi nikiwa nimesimama, na sitaki mwalimu mwingine asimame vile.

Anza na leja, si na huruma

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, jifungie maktaba siku mbili na uhesabu. Gawa vitabu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitabu vya kiada, vile vinavyoletwa na Serikali kwa ajili ya darasa. Hivi usiviguse. Kama wanafunzi wako wanne wanasomea kitabu kimoja cha Fizikia, huna haki ya kumpa mtu wa tano, na mzazi atakayelalamika atakuwa na haki. Fungu la pili ni rejea: kamusi, atlasi, ensaiklopedia. Hivi vinasomewa mezani, havitoki mlangoni. Fungu la tatu ni vya ziada: hadithi, riwaya, tamthiliya, diwani, vitabu vya maarifa ya jumla, majarida, na nakala za mitihani iliyopita. Hapa ndipo ushirikiano wote unapokaa, na ukihesabu vizuri utashangaa ni vingapi havijafunguliwa tangu vigongwe muhuri.

Wakati unahesabu, angalia toleo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, darasa baada ya darasa, kwa hiyo kwenye rafu moja kuna vitabu vya mtaala wa zamani na mpya vimekaa bega kwa bega. Bandika karatasi ya rangi kwenye mgongo wa vile vya zamani. Mtoto wako utamwelekeza mwenyewe darasani, ila mgeni atakichukua, ataenda nacho nyumbani, na atakariri kisichomhusu.

Kila kitabu cha fungu la tatu kiwe na namba yake kwenye leja, yaani daftari la orodha ya vitabu vya maktaba, muhuri wa shule ukurasa wa kwanza, na muhuri mwingine ukurasa wa ndani utakaouchagua wewe. Mimi natumia ukurasa wa 17. Mtu akichana ukurasa wa mbele, wa 17 unasema kitabu ni cha nani.

Ngazi za ruhusa

Vitabu ni mali ya umma, na mwalimu wa maktaba ni mtunzaji tu. Mweleze kwanza Mkuu wa Shule, ana kwa ana, ukiwa na hesabu yako mkononi. Yeye ndiye atakayelipeleka jambo kwenye bodi ya shule. Kama ni shule ya msingi, linapita kwa Mwalimu Mkuu na kamati ya shule. Usimruke Afisa Elimu Kata. Yeye anazijua shule za pande zote mbili, na mara nyingi ndiye atakayekuambia shule ipi binafsi ina uongozi uliotulia na ipi uisubiri kwanza. Bodi ikikubali na muhtasari ukaandikwa, ndipo barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu. Nyamagana ni Halmashauri ya Jiji na Ilemela ni ya Manispaa. Watu huchanganya anuani hizi mbili, na barua inakaa wiki tatu kwenye meza isiyo yake.

Barua iwe fupi. Hii inatosha:

*Yah: Maombi ya kibali cha kuazimisha vitabu vya ziada kwa wanafunzi wa shule jirani isiyo ya Serikali*

*Tafadhali husika na mada tajwa. Bodi ya shule katika kikao chake cha tarehe … iliridhia wanafunzi wa shule ya …, iliyoko kata hii, watumie maktaba yetu siku moja kwa wiki. Vitabu vya kiada havitahusika. Vitabu vyote vitabaki mali ya shule hii na vitaazimwa na mwanafunzi mmoja mmoja kwa dhamana ya mzazi wake. Hakuna malipo yatakayopokelewa. Naambatanisha muhtasari wa kikao, orodha ya vitabu na rasimu ya makubaliano. Naomba kibali cha muhula mmoja wa majaribio.*

Maneno "muhula mmoja wa majaribio" yana uzito kuliko yote. Ofisi inaona rahisi kuruhusu kitu chenye tarehe ya mwisho.

Makubaliano na shule jirani

Chagua shule moja tu. Ukianza na tatu utaanguka. Ichague iliyo umbali wa kutembea, ili mtoto asivuke barabara ya lami wala asihitaji nauli ya daladala.

Makubaliano yasizidi kurasa mbili, na yasainiwe na wakuu wote wawili pamoja na mwenye shule au meneja wake. Hapo nilipopigwa na boksi langu, saini ya mmiliki ndiyo iliyokosekana. Mkuu anaweza kuondoka, mmiliki yupo. Yaandikeni mambo haya bila kuzunguka: siku na saa, idadi ya watoto kwa mara moja (sisi ni 25, kwa sababu viti ni 30), jina la mwalimu wa upande wao atakayekuja nao kila mara, kitabu kikipotea nini kifanyike, na jinsi kila upande unavyoweza kujitoa, kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, baada ya vitabu vyote kurudi.

Halafu kuna kipengele ambacho walimu wengi wa Serikali huona aibu kukiomba: wao watatupa nini? Kiombeni. Haiwi fedha, inakuwa kitu chenye thamani. Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona mambo ambayo sikuyatarajia.

Shule ya msingi Ingilishi midiamu ina vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vile vyembamba vyenye picha, na watoto wake wanavisoma vizuri. Ila mpe mtoto yule hadithi ya Kiswahili ya kurasa 40 uone. Anaisoma kwa kukwama, neno kwa neno, na mengine hajawahi kuyaona yameandikwa. Sisi shule za Serikali za msingi tuna hadithi za Kiswahili. Watoto wetu nao wanakwenda kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa mpigo, hawajawahi kumaliza hadithi hata moja ya Kiingereza. Kila upande umeshika dawa ya ugonjwa wa mwenzake.

Kwa hiyo tuliwaketisha wawili wawili. Binti mmoja wa sare ya bluu ya shule yetu na mwenzake wa sare ya mistari, kitabu kimoja cha Kiswahili kati yao. Yule wa mistari alifika kwenye neno "ng'ambo" akasimama. Alijaribu "nambo", akajaribu "n-gambo". Mwenzake hakucheka. Akaweka kidole chini ya ile alama ya ng', akasema, "Kama ng'ombe." Basi. Walipofika mwisho wa ukurasa wakabadilishana, wakachukua kitabu cha Kiingereza, na safari hii aliyekwama alikuwa wetu. Tangu siku ile nusu saa ya kwanza ya kila kikao ni ya kusoma wawili wawili, na sijaona mafunzo ya semina yanayoifikia.

Kwa sekondari badilishaneni vingine. Shule binafsi yenye maabara nzuri inaweza kuwapokea vidato vya nne wenu kwa mazoezi ya vitendo kabla ya mtihani wa Novemba. Yenye kompyuta na intaneti inaweza kuwafungulia watoto wenu maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo.

Siku na saa

Msichanganye siku ya wageni na saa za vipindi. Shule nyingi binafsi zina masomo ya jioni, kwa hiyo mwulizeni mwenzenu ni siku gani yanaisha mapema. Sisi tunatumia Ijumaa saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni. Jumamosi asubuhi inafaa pia, ila fikiria Wasabato, ambao Mwanza ni wengi. Mtoto asikose kitabu kwa sababu ya siku ya ibada yake.

Mpe mlinzi wa getini orodha ya majina mapema. Mgeni aje na sare na kitambulisho cha shule, na waingie pamoja na mwalimu wao. Mwalimu wao akikosekana, kikao hakipo, hata kama watoto wameshafika getini. Inauma kuwarudisha, lakini usalama wa watoto wa watu 25 hauwezi kubebwa na mwalimu wa zamu mmoja.

Viti vitengwe. Mtoto wenu akija siku hiyo asiambiwe "leo ni zamu ya wageni". Neno hilo likisikika mara moja tu mtaani, ushirikiano umekufa.

Rejista na kadi

Kompyuta haihitajiki. Nunua kauntabuku la kwaya tatu, lile daftari nene la jalada gumu, piga mistari, na andika: tarehe, jina la mwanafunzi, shule na darasa, namba ya kitabu kwenye leja, hali ya kitabu kinapotoka, tarehe ya kurudi, sahihi, hali kinaporudi. Safu ya "hali" ndiyo inayozuia ugomvi. Usiandike "nzuri". Andika "jalada limekunjika kona ya juu, uk. 52 una wino". Mtoto akirudisha na kona imekunjika, hakuna atakayemlaumu.

Kila mtoto awe na kadi, nusu ya karatasi ngumu ya manila, na upande wa nyuma sahihi ya mzazi na namba yake ya simu. Usichukue zaidi ya hapo. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, maktaba haina haja ya kujua dini ya mtoto wala kazi ya baba yake. Rejista ifungiwe kabatini na muhula ukiisha kadi za waliohama zichanwe.

Kuhusu kiasi: kitabu kimoja, siku 14. Mwezi wa kwanza wa majaribio msiazimishe kabisa, wasomee ndani. Mwezi huo utakuonyesha nani anakunja kurasa, nani anasoma akiwa ameshika andazi, na wao watazoea taratibu zako.

Walimu wa Ukerewe na visiwa vingine wana hesabu tofauti. Kama shule mnazoshirikiana ziko visiwa viwili, mtoto hawezi kuja na kurudi, kwa hiyo mtalazimika kutumia boksi linalosafiri. Fanyeni, ila kwa wiki 6 badala ya 2, orodha nakala tatu (moja ndani ya boksi, moja kwa anayetuma, moja kwa anayepokea), na kule linakofika kila mtoto bado aazime kwa jina lake. Boksi liwe la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Mtumbwi una maji hata siku ya jua.

Mvua, mchwa na mikono ya dagaa

Vuli ikianza Oktoba, vitabu vinarudi vimelowa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo fundi cherehani wa mtaani atushonee vifuko vya salfeti kutokana na viroba vya unga, kimoja kwa kila kadi, chenye namba. Kitabu hakitoki bila kifuko. Kilicholowa usikianike juani, kitapinda kama gamba. Kisimamishe kivulini, kurasa zimeachana, na weka karatasi kavu kila baada ya kurasa kumi.

Rafu zisigusane na ukuta wala sakafu. Mchwa wa Mwanza hupanda ukutani kimya, na utakuta jalada zima ilhali ndani pametobolewa. Pitisha mkono nyuma ya rafu kila Jumatatu.

Na weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Watoto wengi wa huku wanasaidia kuanika dagaa kabla ya shule. Wanawe wote, wa sare zote, bila kutajana.

Kitabu kikipotea

Usipokee shilingi hata moja mkononi. Fedha ya shule ya umma inapita kwenye namba ya malipo ya Serikali, na mwalimu aliyepokea taslimu kwa nia njema anaweza kujikuta akijieleza kama mwizi. Kinachotakiwa ni kitabu kwa kitabu: jina lilelile, au kingine cha kiwango hicho mtakachokubaliana. Shule jirani ndiyo inayokileta ndani ya siku 30, wao wanajua jinsi ya kuzungumza na mzazi wao. Kikishaletwa, kiandike kwenye leja kwa namba mpya, na kile cha zamani kisifutwe kwa kalamu yako. Peleka taarifa ya maandishi kwa Mkuu wa Shule, kufuta mali ya umma kuna utaratibu wake.

Mzazi akija mwenyewe, mpokee vizuri. Alikuja mama mmoja na kanga kichwani, mkononi amefunga kitu kwenye gazeti. "Shikamoo mwalimu, mtoto alikiangusha kwenye maji." Nikaitika na kumwambia akae. Kitabu kilikuwa kimevimba, lakini alikuwa amekipiga pasi, ukurasa kwa ukurasa, kwa pasi ya mkaa. Kinasomeka hadi leo. Nilikiandika "kimerudi".

Wala usikubali kishawishi cha kutoa nakala ya kitabu kizima kwa fotokopi ili kufidia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi. Vipande vichache vya kufundishia ni jambo moja, kitabu kizima ni jingine.

Mwisho wa muhula

Wiki 3 kabla ya kufunga, simamisha kuazima. Wiki inayofuata kusanya, ya pili hesabu, ya tatu andika taarifa. Bodi itataka kujua mambo manne tu, na uwe nayo kwenye ukurasa mmoja: vitabu vilivyotoka, vilivyorudi, vilivyoharibika, na kama kuna mwanafunzi wetu aliyekosa kitabu kwa sababu kilikuwa kwa mgeni. Hilo la nne liandike kwa ukweli hata kama linauma. Likizidi mara mbili au tatu kwa kitabu kimoja, kiondoe kitabu hicho kwenye orodha ya wageni muhula unaofuata.

Kama hujasomea ukutubi, nenda Maktaba ya Mkoa hapa mjini. Ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na wakutubi wake wanajua kupanga rafu kwa namba za Dewey, yaani namba za kupanga vitabu kwa mada, kuliko sisi tunaojifunza kwa kubahatisha. Nenda na leja yako na maswali matano yaliyoandikwa.

Ukipewa kibali cha muhula wa pili, ndipo uongeze shule ya pili. Omba pia ufunguo wa akiba wa maktaba ukae kwa Makamu Mkuu wa Shule, ili siku ukiugua, watoto waliotembea hadi getini wakute mlango umefunguliwa.